Chupa mbili za njano: nilivyonunua otoklevu tatu ndani ya miezi kumi na minne

Nina kliniki ndogo ya meno Buzuruga, hapa Mwanza. Viti viwili, nesi mmoja, msaidizi mmoja, na mlinzi wa usiku tunayemlipa kwa kuchangiana na duka la vipuri vya pikipiki la jirani. Ndani ya miezi kumi na minne nimenunua otoklevu tatu, yaani mashine za kutakasa vyombo kwa mvuke. Ya kwanza ilikuwa mtumba, ikanitoa machozi. Ya pili ni mpya, bado namalizia mkopo wake. Ya tatu ni mtumba tena, ina umri mkubwa kuliko nesi wangu, na ndiyo pekee ambayo haijawahi kuninyima usingizi. Wenzangu wanaoanza wakiniuliza wanunue mpya au iliyotumika, jibu la neno moja sina.

Nilipoacha ajira na kufungua kwangu, hela ilikuwa ya kuhesabu. Kiti cha kwanza nilikinunua kikiwa kimetumika, na hadi leo kinapanda na kushuka bila kelele. Kompresa nayo mtumba, haina shida. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikaamini vifaa vya Ulaya na Marekani vikija kwetu huwa vimebakiza nusu ya maisha yao, na anayenunua kipya anatafuta sifa tu.

Miezi miwili ya mwanzo vyombo vyangu vilitakaswa kwenye zahanati ya rafiki yangu. Jioni msaidizi anaviosha, anavifunga, anavipanga kwenye ndoo yenye mfuniko, anapanda bajaji. Asubuhi anavifuata. Siku bajaji ikichelewa, mgonjwa anakaa kwenye benchi akiangalia saa na mimi namwangalia yeye. Nikasema hapana, lazima nipate ya kwangu.

Bei ya mpya niliyoletewa ilikuwa shilingi 7,800,000. Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye droo. Wiki hiyohiyo shemeji akanitumia namba ya muuzaji wa Dar es Salaam mwenye otoklevu iliyotumika, lita 18, kwa 2,600,000. Nikaomba video. Ikaja. Taa zinawaka, mlango unafungwa, mvuke unafuka nyuma, na kwenye kioo namba ya joto inapanda mpaka nyuzi 134. Nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Nilichokiona ni ile 134. Sikuuliza ilikaa hapo dakika ngapi, sikuuliza ndani mlikuwa na nini, na wala sikumwambia aigeuze nionyeshwe mgongo wake.

Ilisafirishwa kwa basi, ikashushwa stendi ya Nyegezi ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha godoro. Mzigo ukanigharimu 70,000. Risiti ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari. Hiyo peke yake ilipaswa kunishtua. Kifaa tiba kinachoingizwa nchini kinatakiwa kiwe kimepita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kiwe kipya au kikuukuu, na muuzaji wa kweli ana karatasi zake na risiti ya mashine ya kodi. Mimi nilikuwa na kipande cha daftari na namba ya simu.

Tulipoigeuza kuiweka mezani ndipo nikasoma kibati cha nyuma: volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Nikampigia muuzaji. Akacheka, akasema, "Daktari, ndani ya boksi nimekuwekea na transfoma, zawadi." Kweli ilikuwemo, ndogo kama tofali la kuchoma. Siku ya tatu ikaanza kunuka. Mashine ile inakula wati 1,500, transfoma imeandikwa 1,000. Nikanunua kubwa kwa 320,000.

Hapa niseme kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Transfoma inashusha volti tu; hezi, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, haizigusi. Mashine iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama ina pampu au saa inayofuata mapigo ya umeme, kwetu itakwenda polepole kwa sehemu moja kati ya sita, na mota zake zitachemka kuliko ilivyokusudiwa. Baadhi ya mashine zimeundwa kupokea zote mbili, 50 na 60, na zimeandikwa hivyo hapo mgongoni. Kama haijaandikwa, usibahatishe.

Tukaanza kuitumia. Kila pakiti tuliifunga kwa ule utepe wenye mistari, mistari ikitoka myeusi nesi anasema "imeiva," tunapanga kabatini. Wiki tano tukafanya hivyo na nilikuwa na amani kabisa. Ule utepe kazi yake ni moja: kukuonyesha kwamba pakiti hii imepita kwenye joto, usiichanganye na ile ambayo bado. Hauwezi kukuambia kama vijidudu vimekufa. Nilifundishwa chuoni, nikajibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu, kisha nikasahau.

Wiki ya sita akaja kunitembelea mwenzangu tuliyesoma naye, siku hizi anashughulika na kudhibiti maambukizi kwenye hospitali kubwa. Akanywa chai, akazunguka, akafungua kabati, akasifia rangi ya ukuta. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Spora mnapima siku gani?"

Nesi akaniangalia. Nikaangalia sakafu.

Kesho yake akaniletea vichupa viwili vidogo vya plastiki vyenye maji ya zambarau. Ndani yake mna spora, yaani bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu, za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Hana madhara kwa mtu, amechaguliwa kwa sababu ni mgumu kufa kwa mvuke kuliko karibu kila kitu tunachokiogopa. Kichupa kimoja unakiweka katikati ya mzigo, unaendesha mashine kama kawaida. Cha pili hukiweki mashineni kabisa. Halafu vyote viwili vinalazwa kwenye joto la nyuzi 55 mpaka 60. Kile ambacho hakikupikwa lazima kigeuke njano, kwa maana spora zake zilikuwa hai. Kile kilichopikwa kinatakiwa kibaki zambarau.

Vilikwenda kulazwa kwenye maabara ya kwao. Siku iliyofuata saa tano asubuhi, nikiwa na mkono mdomoni mwa mgonjwa, nesi akaja mlangoni na simu. Hakuingia. Akasema taratibu, "Daktari, zote njano."

Nilimaliza kuziba lile jino. Sijui nilimalizaje. Nikamsindikiza mgonjwa mpaka nje, nikarudi, nikageuza kibao cha mlangoni kikasomeka FUNGWA, nikakaa kwenye kile kiti changu cha mtumba kisicho na shida, nikalia.

Fundi wa vifaa tiba alikuja jioni. Ni kijana mtaratibu, haongei mpaka amalize. Akaweka ndani ya mashine kidude chake cha kurekodi joto, kidogo kama kifungo cha koti, akaiendesha. Kioo kikasema 134. Kidude kikasema 124. Gasketi ya mlango ilikuwa imekauka ngumu kama ukanda wa zamani, na valvu ya kutoa hewa ilikuwa imeziba kwa magadi ya maji. Hewa ikibaki ndani, mvuke hauwezi kufika ilipo hewa, na mvuke uliochanganyika na hewa hauna joto linaloonyeshwa na mgandamizo wake. Akamulika tochi ndani ya tangi akanionyesha ukutani: vishimo vidogo vidogo kama chunusi. Hivyo vinaletwa na klorini. Aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa anatia maji ya bomba, au anaingiza vyombo vilivyotoka kwenye dawa ya klorini bila kusuuzwa. Gasketi ingebadilishwa, valvu ingesafishwa, lakini tangi lenye vishimo halirudi kuwa jipya.

Halafu akanipiga la mwisho. "Na hata ingekuwa imetoka kiwandani jana, Daktari, hii si ya hendipisi."

Mashine ile ilikuwa ya aina inayoitwa daraja N. Inategemea mvuke unaoingia uisukume hewa nje, basi. Kwa koleo, vioo vya mdomoni na vyombo vigumu visivyo na tundu, visivyofungwa, inatosha. Hendipisi, kile kishikio kinachozungusha kichwa cha kuchimbia jino, ina mirija myembamba ndani, na hewa iliyojificha humo haitoki kwa kusukumwa, inahitaji kuvutwa. Kazi hiyo ni ya daraja B, lenye pampu ya vakyumu inayovuta hewa mara kadhaa kabla joto halijapanda. Kati yake kuna daraja S, ambalo linaweza kile tu ambacho mtengenezaji wake ameandika kwamba linaweza, kwa hiyo soma kitabu chake. Mimi nilikuwa nauliza mpya au mtumba. Swali lililotakiwa kutangulia ni: naitakia kazi gani?

Kuhusu wagonjwa. Nilishauriana na yule mwenzangu na mkubwa wake, tukapitia daftari. Tangu mashine iingie tulikuwa tumewatibu kwa hendipisi watu 38. Njia rahisi ilikuwepo, na kuna mtu nimheshimuye sana aliyenishauri niifuate: nyamaza, uwezekano wa madhara ni mdogo, utajiharibia biashara bure. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaanza kupiga simu mmojammoja, mimi mwenyewe, sikumwachia nesi. Nikawaeleza kwamba mashine yetu imegundulika haifanyi kazi ipasavyo, kwamba hatari ni ndogo lakini ipo, na kwamba tutawapima homa ya ini na virusi vya UKIMWI bure, sasa hivi na tena baada ya miezi mitatu.

Mmoja alinitukana, matusi ya kwelikweli, na alikuwa na haki. Wawili walikata simu. Bibi mmoja wa Kisesa alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wabeja, mwanangu, kwa kunipigia," nikashindwa kuendelea na simu nyingine mpaka saa nzima ipite. Walikuja 31. Hakuna tuliyemkuta na jambo lililotokea kwetu, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, wala sijifanyi kwamba ilikuwa ni ujanja wangu. Vipimo vyao vya mara mbili vilinigharimu 744,000.

Sasa piga hesabu ya bei nafuu. Mashine 2,600,000, mzigo 70,000, transfoma 320,000, fundi 150,000, vipimo 744,000. Jumla 3,884,000, na mkononi sina otoklevu. Hapo sijaweka siku tisa tulizofunga, wala wagonjwa ambao hawakurudi tena. Muuzaji nilimpigia. Mara ya kwanza akasema yuko Chalinze, mtandao unasumbua. Inaonekana Chalinze amehamia moja kwa moja.

Ile mashine niliiuza baadaye kwa fundi kwa 400,000, kwa ajili ya vipuri. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika mlangoni na ubavuni VIPURI TU, maana najua safari za vitu hivi.

Baada ya hapo nilifungua droo nikaitoa ile karatasi ya 7,800,000. Lakini kuungua kumenifunza, sikuinunua kwa kuwa tu ni mpya. Nilipata wauzaji watatu wa mashine mpya za daraja B, nikawauliza wote maswali yaleyale. Gasketi ya mlango bei gani, na unayo leo hii dukani au unaagiza? Fundi wako yuko mji gani, na nikipiga simu Jumatatu anafika lini? Na je, mtanifanyia kipimo cha heliksi mbele yangu kabla sijalipa sehemu ya mwisho?

Yule wa kwanza alikuwa na bei nzuri kuliko wote, 5,900,000. Gasketi anaagiza nje, wiki sita. Fundi "tutamtuma." Nikafunga mazungumzo. Mashine mpya ambayo gasketi yake iko ng'ambo nayo ni mtumba, ila inasubiri mwaka mmoja. Wa pili hakujua heliksi ni nini. Wa tatu ndiye yule wa 7,800,000. Gasketi alinitajia 95,000, akaingia stoo akatoka nayo mkononi. Fundi wake anaishi Nyakato. Nilimpigia fundi mwenyewe, bila kumwambia bosi wake, nikamuuliza mwaka uliopita alitengeneza ngapi za aina hiyo na tatizo kubwa ni lipi. Akanijibu bila kujiuma: "Maji, Daktari. Watu wanatia maji ya bomba." Mtu anayekutajia ubovu wa bidhaa ya bosi wake, shika naye.

Kipimo cha heliksi ni kitu kidogo sana. Ni mrija mwembamba wa mita moja na nusu uliokunjwa, mwishoni mna kikasha chenye kijikaratasi. Kama pampu haikuvuta hewa yote, mvuke haufiki mwisho wa mrija na karatasi haibadiliki rangi. Kwa mtu wa meno huo ndio mtihani wa kweli, maana mrija ule unaiga hendipisi. Tulifanya, karatasi ikabadilika sawasawa, nikalipa kilichobaki. Nusu ilikuwa akiba, nusu mkopo wa SACCOS.

Mpya nayo ina deko lake. Wiki ya kwanza ilikataa kufanya kazi ikaandika kosa la maji. Ina kihisi kinachopima madini, ukitia maji ya bomba inakusomea. Wengi hapa tunaona maji ya ziwa ni laini, birika halioti magadi kama ya kwa wenzetu wa Dodoma, basi tunadhani yanafaa. Hayafai. Chumvi kidogo inabaki, na hiyo pamoja na klorini ya kutibia maji inatoboa chuma. Nikanunua distila, mtambo wa kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake, ya lita nne kwa 450,000. Lita nne zinachukua saa tano hivi, na LUKU inapungua uniti tatu na nusu au zaidi. Msaidizi huiwasha jioni akifunga hesabu. Mtu akikuambia utumie maji ya betri ya kituo cha mafuta, hakikisha ni maji kweli na wala si tindikali, maana madumu yanafanana, na hata yakiwa maji huna uhakika yametoka wapi.

Umeme ndio uliotusumbua zaidi. Ukikatika katikati ya mzunguko, mzunguko huo umekufa. Hata ikiwa imebaki dakika moja, unarudia mwanzo, na pakiti zikitoka na unyevu huzihesabu kuwa zimetakaswa, maana karatasi mbichi inapitisha vijidudu. Nimenunua stabilaiza ya 380,000 kwa sababu umeme ukirudi huwa unarudi na hasira. Kuna Alhamisi moja tulianza mzunguko uleule mara nne. Saa kumi jioni vyombo safi vimeisha, mgonjwa wa kung'oa kakaa na shavu limevimba kama andazi, na mashine ya milioni saba na laki nane imezima, nzuri tu, haina pa kupata moto.

Hapo ndipo inapoingia ya tatu.

Mama mmoja mstaafu wa Sengerema, aliyekuwa anaendesha zahanati, alikuwa anafunga kazi na kugawa vitu. Miongoni mwake kulikuwa na otoklevu ya kupikia jikoni, chungu kizito cha alumini, mfuniko wa kubana kwa vifungo sita vya kuzungusha, geji juu, valvu pembeni. Haina waya hata mmoja. Alitaka 350,000. Safari hii sikununua kwa video. Nilikwenda na fundi wangu, nikamlipia nauli na siku yake, na hiyo ni hela bora niliyowahi kutumia katika habari hii yote. Akapapasa ndani kwa kidole, akamulika, akatazama pale mfuniko unapokutana na chungu. Aina ile haina gasketi kabisa, ni chuma kwa chuma, kwa hiyo hakuna cha kukauka. Akasema valvu ya usalama abadilishe, geji akaipime, vingine vyote vitatuzika sisi.

Tuliibeba kwa kivuko cha Kamanga. Mama mmoja akaniuliza kama napika pilau la harusi ya nani. Kijana mmoja yeye aliangalia vile vifungo akanyamaza, nadhani alidhani ni mtambo wa gongo.

Na hapa kuna jambo la Mwanza ambalo kitabu chake hakikuwa nalo. Maelekezo ya kawaida ni mgandamizo wa pauni 15 kwa inchi ya mraba, unapata nyuzi 121, unahesabu dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa. Hizo pauni 15 ni za usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na si 100. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo ikisoma 15 hapa, ndani joto liko kama 119. Fundi alinikokotolea kwenye gamba la boksi la glavu: kwetu sindano isome 17, na kuhesabu dakika kuanze hapo, baada ya kuacha mvuke utoke kwa nguvu ili hewa iishe. Tukaweka alama ya rangi nyekundu kwenye 17. Tukapima spora mara tatu mfululizo. Zambarau, zambarau, zambarau.

Haigusi hendipisi. Hizo ni za ile mpya tu, na nimenunua hendipisi za ziada ili umeme ukikatika zisiishe. Lakini koleo, elevata za kulegezea jino, vioo na trei zote zinapikwa kwa gesi, TANESCO wawepo wasiwepo. Chombo cha mgandamizo kinatakiwa kukaguliwa, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wana wakaguzi wa kazi hiyo, nami sikuona haya kuwaita. Kitu chenye mvuke wa namna ile ndani ya chumba cha futi kumi si cha kufanyia ujasiri.

Kwa hiyo msimamo wangu, na wengine watanibishia: mtumba wa nati na chuma naununua hata kesho, nikiwa na fundi. Mtumba wenye kioo, kompyuta na pampu siununui, isipokuwa mwenye kuuza ni mwenzangu ninayemjua, anayo karatasi ya matengenezo ya kila mwaka, na ananiruhusu niiendeshe. Kuiendesha maana yake ni kufika ikiwa ya baridi, kuijaza mzigo kamili na si kuiacha tupu, kuweka heliksi yako na kichupa chako cha spora, kukaa saa nzima mpaka imalize kukausha, na kurudi kesho kwa majibu kabla hujatoa hela. Nyingi zina kaunta ya mizunguko ndani ya menyu, kama kilomita za gari. Iombe. Mwenye haraka kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache huyo mteja ainunue.

Siku hizi Jumatatu ni siku ya spora. Kichupa kimoja kwenye ile mpya, kimoja kwenye chungu, kimoja cha kulinganishia. Nesi anaandika kwenye daftari lenye jalada gumu tarehe, mashine, rangi, na sahihi yake. Ndani ya kila pakiti kuna kijikaratasi kinachosoma joto, muda na mvuke kwa pamoja, na kinabandikwa kwenye faili la mgonjwa. Inanigharimu kila mwezi na inaniuma kila mwezi.

Juzi amenipigia kijana tuliyefanya naye kazi zamani, sasa anafungua kliniki Geita. Amepata otoklevu, lita 18, imetumika kidogo, 2,500,000, mwenye nayo ana haraka. Nikamwambia anitumie picha ya kibati cha nyuma. Akanitumia picha ya mbele, kioo kinang'aa, namba 134.

Nikamjibu: igeuze.